Miguu ya Mbayuwayu

Mume wangu alikuwa mpiga picha, na katika maisha yetu yote sikumwona akifanya jambo kwa haraka ila mara moja tu, siku aliyokuja kuniposa, kwa sababu fundi cherehani alikuwa ameshafika mlangoni kwetu na viatu vyake vilikuwa vipya zaidi. Siku hiyo alikimbia. Baada ya hapo alitulia, na akaona dunia nzima nayo inafaa itulie.

Mji wote ulimwita Bwana Tulia. Ukikaa kwenye kiti chake, alikunyoosha shingo kwa vidole viwili, akarudi nyuma ya kamera kubwa ya studio, akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, halafu sauti ikatoka humo kama ya mtu aliyetumbukia kisimani: "Tulia. Usipumue. Bado. Bado." Kuna bwana harusi mmoja alizimia akisubiri ruhusa ya kupumua. Watu wanasema ilikuwa njaa. Mimi nilikuwepo, nasema ulikuwa utii.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo tuliyolala. Palikuwa na kiti cha mgongo mrefu, pazia lililochorwa ngazi za jumba ambazo hazikufika popote, na kioo cha ukutani chenye kitana kilichofungwa kwa uzi kisije kikaondoka na mteja. Nyuma yake, stoo ya zamani iligeuzwa chumba cha giza, chenye taa nyekundu na mabeseni ya dawa. Harufu ya zile dawa ndiyo niliyoitamani kwenye mimba yangu ya kwanza, mpaka nikawa nasimama mlangoni nikinusa kama paka wa jikoni. Mtoto alizaliwa mweupe kiasi kwamba tulimtazama siku tatu tukisubiri picha ikolee.

Dirishani, penye mwanga mzuri kuliko mahali pote ndani ya nyumba, alikaa wifi yangu, dada wa mume wangu. Kazi yake ilikuwa kusafisha negativu. Kwa nyie mliozaliwa simu zimeshajifunza kupiga picha, nieleze: zamani picha ilizaliwa kinyume. Ilitoka kwanza kwenye filamu, cheupe kikiwa cheusi na cheusi kikiwa cheupe, na hiyo ndiyo negativu. Kisha ilimulikwa mwanga juu ya karatasi, ndipo ikageuka kuwa mtu. Chunusi nyeusi usoni, kwenye negativu ilikuwa kitobo cheupe. Wifi alipaka vanishi nyembamba, akachonga penseli yake ikawa kali kama ulimi wake, akakiziba kile kitobo nukta kwa nukta. Karatasi ikitoka kwenye dawa, chunusi imekwenda zake. Alifuta makovu, alifuta mabaka, alifuta alama za vumbi lililoingia kwenye kamera. Mwanamke mmoja alikuja na uso wa ndui akaondoka na picha laini kama yai. Mumewe akaitundika ukutani, na tangu hapo alikuwa akirudi nyumbani anaisalimia picha kwanza.

Katika chumba cha upande wa jua aliishi mama mkwe wangu, mama yao hao wawili. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa nyaya za simu. Alipanda nguzo barabara hadi barabara, akikaa safarini wiki na wiki, na aliporudi nyumbani walikuwa na ugomvi mmoja tu. Waliuanza wakiwa wachumba, wakautunza kama watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa.

Ugomvi wenyewe ulihusu mbayuwayu.

Nje kidogo ya mji wetu ardhi ilikatika ghafla, kama mkate uliokatwa na mtu mwenye hasira. Hapo palikuwa na genge refu la mawe, na chini yake bahari. Kila mwaka, mvua zikishaisha, mbayuwayu walikuja kwenye genge hilo. Sisemi wale wa barazani wanaojenga kwa tope. Hawa walikuwa weusi, mabawa yao kama mundu, na wengine huwaita teleka. Walikuwa na viota ndani ya nyufa za mawe, na kutwa nzima waliipasua hewa kwa mluzi mkali, wakienda kasi ambayo jicho linabaki nyuma. Na hakuna mtu aliyewahi kumwona hata mmoja wao ametua juu ya tawi, wala paa, wala waya.

Ndipo baba mkwe alipopata hoja yake. Alisema, "Mimi nimeishi kwenye nyaya. Njiwa nimekutana naye huko juu, kunguru nimekutana naye, hata popo tumesalimiana. Huyu hajatua hata siku moja. Hana miguu. Aliumbwa na mabawa ikaonekana inatosha."

"Kila kilichozaliwa lazima kisimame mahali," mama alimjibu.

"Huyu hasimami."

"Na mle kwenye nyufa anaingiaje?"

"Anaingia kwa tumbo, analala kwa tumbo."

"Kama wewe siku za kazi za nyumbani."

Hivyo kila aliporudi. Hajavua viatu, mama anamwambia, "Ana miguu," naye anajibu, "Hana," ndipo analetewa maji ya kunywa. Halafu mzee akafa, kwa homa ya siku chache tu, na ugomvi ukabaki na mtu mmoja. "Ameondoka katikati ya maneno, mwanangu," mama aliniambia. "Mtu gani anafanya hivyo?"

Miaka ikapita. Kisha macho ya mama yakaanza kumkataa. Daktari alisema ni presha ya macho, kilichokwisha kwenda hakirudi, na dawa ya matone itachelewesha tu. Mama alisema anaiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na kila mwezi bomba linazidi kuwa jembamba. Msimu huo mbayuwayu walipofika tukasikia mluzi wao hadi uani, alimwita mwanawe.

"Mwanangu, msimu ujao watanikuta gizani. Nataka nimwone mmoja kwa karibu, tumbo lake. Nijue kama ana miguu au hana. Baada ya hapo giza lije, nitalipa kiti likae."

"Nikupeleke gengeni, mama?"

"Kwa magoti haya? Na hata ukinibeba, yule ndege akiingia kwenye bomba langu ameshatoka. Nipigie picha. Si ndiyo kazi yako? Au nikamwambie fundi viatu?"

Mume wangu akaahidi. Alikuwa hajawahi kukipiga picha kitu kisichotii.

Siku iliyofuata tulipanda gengeni sisi wawili, yeye na kamera yake ya kukunja, ile yenye negativu pana kama kiganja cha mtoto, mimi na mikono mitupu. Kazi yangu ilikuwa kumshika mkanda wa suruali asianguke baharini. Mume wangu alikuwa mwembamba kama sindano ya kushonea magunia, na upepo wa pale haukuwa na adabu. Ukisema neno, unarudishiwa kinywani. Kuna asubuhi nilimeza salamu yangu mwenyewe na nikashiba hadi mchana. Siku nyingine upepo ulimnyanyua mzima mzima, nikabaki namshikilia kwa mkanda kama mtoto na tiara, naye huko juu anapiga kelele, "Usiniachie, mama watoto, naona vizuri!"

Ndege walipita. Mwanzoni alifanya alivyozoea. Alisimama wima, akalenga, akanyanyua mkono na kuwaambia, "Tulia!"

Nilicheka nikakaa chini. Mbayuwayu mmoja akapita karibu na kichwa changu, akanichana nywele upande ambao si wa kawaida yangu.

Katika siku hizo za mwanzo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimelala kifudifudi ukingoni, nachungulia chini ili nimwambie wanatokea wapi, na hapo, umbali wa mkono tu, ndege mmoja alikuja akajibandika kwenye jiwe mlangoni mwa ufa wake. Alijining'iniza kama nguo kwenye kibanio. Na kilichomshikilia kilikuwa miguu. Mifupi, imejificha kwenye manyoya, kucha zake kama kulabu ndogo. Nilimwona mpaka akaingia ndani.

Tulipofika nyumbani sikungoja hata kuvua kitambaa cha kichwa. "Mama! Ana miguu! Nimeiona kwa macho yangu haya!"

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwa kupapasa. Hakuinua uso. "Mwanangu, si wewe uliyeniambia umemwona kaa amebeba mwavuli?"

"Lilikuwa jani, mama. Lakini mvua ilikuwa inanyesha kweli."

"Na yule mbuzi aliyekohoa akamwamsha hakimu?"

"Huyo muulize hakimu."

Wifi alikuwa dirishani na penseli yake. "Wifi yangu huyu," akasema, "akiniambia kumekucha, mimi natoka nje kuhakikisha."

Wakacheka wote, nami nikacheka, kwa sababu walikuwa na haki. Nimesema mengi katika maisha yangu, na mengine yalikuwa matamu kuliko yaliyotokea. Lakini ndiyo hivyo, siku niliyoleta ukweli nyumbani haukupata mahali pa kukaa. "Mimi nataka picha," mama akasema. "Picha haina mdomo."

Basi tukarudi gengeni, tukarudi tena. Studio ilifunguliwa mchana tu. Waliotaka picha za pasipoti walikaa barazani wakinung'unika. Kila filamu aliyoiosha ilitoka na kitu kilekile: ukingo wa genge chini, na juu mbingu. Mbingu tupu. Akibonyeza, ndege ameshafika upande wa pili wa dunia. Wifi ndiye aliyezipokea zile negativu, akazinyanyua kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

"Kaka, hii mbingu sasa naijua kuliko uso wangu. Iambie ije ichukue picha zake za pasipoti, zimeshatosha."

"Watatokea tu," mume wangu alijibu.

"Ndege kwenye picha zako? Hao nitawaona siku kuku wakiota meno."

Ilikuwa furaha, nisiseme uongo. Ninapoukumbuka mwaka ule nakumbuka umande kwenye nyasi za gengeni, mgongo wa mume wangu mbele yangu, shati limejaa upepo kama mto wa kulalia, na mkanda wake wa ngozi mkononi mwangu. Tulikuwa watu wazima wenye watoto waliokwisha kuoa, na tulikuwa tunatoroka nyumbani alfajiri kama wenye kosa. Alinikatia mihogo ya kuchemsha kwa kisu cha kukatia filamu. Hatukuzungumza sana. Nani angezungumza na upepo ule?

Lakini kuna siku mama aliweka kikombe chake cha chai mezani, na pale alipokiweka meza haikuwepo. Kilianguka, kikavunjika. Alibaki amenyoosha mkono vilevile. Nilipangusa sakafu, mume wangu akaniangalia, akachukua kamera akatoka bila kofia.

Na kule gengeni ndege walikuwa wameanza kupaa juu sana nyakati za jioni, kundi zima, wakizunguka kama chai inayokorogwa. Wanaofahamu wanasema hiyo ni dalili ya safari. Siku mbili tatu, unaamka asubuhi hakuna hata mluzi.

Nilimwambia, "Baba watoto, nisikilize. Unampiga ndege kama unampiga karani wa serikali. Huyu hatatulia. Kama yeye hatulii, wewe ndiye uende naye."

"Niende wapi? Mbele ni bahari."

"Zungusha kiuno! Mfuate kwa kamera anavyopita, kama unacheza naye, ubonyeze huku mnacheza."

"Mimi sichezi."

"Nalijua hilo tangu harusini. Leo utacheza."

Nikalala kifudifudi ukingoni, mkono mmoja nimeshika kifundo cha mguu wake badala ya mkanda, nikawa naangalia mlango wa ule ufa. Ndege akitoka, napiga kelele, "Sasa!" na mume wangu anageuka kutoka kushoto kwenda kulia, goti limekunjwa, kiuno kinafuata. Mara ya kwanza alizunguka kama mlango uliokosa mafuta. Mara ya tano au ya sita alilainika. Wachimba kokoto waliokuwa wanapita njia ya chini walisimama wakapiga makofi. "Mzee, mpe bibi naye acheze!" Hakuwasikia. Mwishoni ndege mmoja alitoka, akaupinda mwili palepale juu ya ukingo, tumbo lote likatugeukia, na nikasikia kamera imebonyezwa kabla sijamaliza kusema neno.

Mume wangu alishusha kamera taratibu. "Huyo," akasema. "Huyo nimecheza naye."

Tulipofika nyumbani akaosha filamu, akaitundika kwenye kamba ya chumba cha giza ikauke, akatoka kwenda kunawa. Alikuwa ameiangalia kwenye taa nyekundu tu, akaona nukta zake, akajua. Hakumwambia mtu kwa sababu alitaka karatasi ndiyo iseme.

Sasa basi. Wifi aliamka kutoka usingizi wa mchana, akaingia, akakuta filamu imekauka. Akaitoa, akaipeleka kwenye meza yake ya dirishani, akainyanyua kwenye mwanga. Genge lilelile. Mbingu ileile. Ila safari hii mbingu ilikuwa na vitobo, vingi, vidogo na kimoja kikubwa. Nyie mngefikiri nini? Mtu amesafisha nyuso za mji mzima miaka kumi na kadhaa. Mtu hajaona ndege hata mmoja kwenye picha za kaka yake. Akasema moyoni, maskini kaka yangu, sasa hata vumbi limemwingilia kwenye kamera. Angalau mbingu yake iwe safi.

Akapaka vanishi. Akachonga penseli. Akaziba.

Nilikuwa ndani ya chumba cha giza na mume wangu alipoitia karatasi kwenye beseni la dawa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgongo mrefu kule studio, amejitanda nguo nzuri kama aliyekuja kupigwa picha yeye, anangoja. Karatasi ikaanza kukolea. Ukingo wa genge ukatokea, jiwe kwa jiwe, majani kwa majani. Mbingu ikatokea. Tukangoja. Mbingu ikaendelea kutokea.

Kwa nini nitie chumvi? Hii haihitaji. Mume wangu aliinama mpaka pua ikagusa dawa. "Walikuwepo," akasema. "Nimewaona kwa macho yangu. Walikuwepo."

Wifi akachungulia kwenye upenyo wa pazia. "Imetoka vizuri? Nimekusafishia, kaka. Ilikuwa na madoa, usiseme, kama mtu mwenye tetekuwanga. Moja lilikuwa limekaa vibaya hapo juu kabisa, limenichosha mkono."

Nilikaa chini palepale, kati ya beseni na ukuta, nikacheka bila sauti mpaka machozi yakatoka, na baada ya muda sikujua tena ni machozi ya aina gani. Wifi alituangalia mmoja mmoja. Nikaona uso wake unaelewa.

"Mungu wangu," akasema. "Nimewaua wote."

Mume wangu hakugomba. Afadhali angegomba. Aliniambia tu, kwa ile sauti ya kisimani, "Nenda kaangalie nje kama bado wapo."

Nilitoka uani nikasikiliza. Jua lilikuwa linazama. Hapakuwa na mluzi wowote. Nilirudi nikatikisa kichwa.

Wifi ndiye aliyesimama. Alichukua chupa ya tapentaini, pamba, na ile negativu, akaenda dirishani kwenye mwanga uliobaki. "Penseli yangu imekaa juu ya vanishi," akasema. "Vanishi inatoka. Msinisemeshe." Akalowesha pamba, akapangusa pole kama anayemfuta mtoto usaha wa jicho. Akanyanyua. Akapangusa tena. Sisi tulisimama nyuma yake, hatupumui, na hatukuwa tumeambiwa tusipumue.

"Huyo mmoja," akasema.

Kisha, "Na huyo."

Wakarudi kila mmoja mahali pake, mpaka yule mkubwa, ambaye alikuwa amemfunika kwa bidii kuliko wote. Huyo alichukua pamba tatu. Nilimkumbatia wifi yangu kwa nyuma, akanipiga kiwiko. "Niache, mwongo mkubwa wee, nitakwaruza filamu."

Mume wangu alimkuza yule ndege kwenye karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, ile iliyotunzwa kwa picha za maharusi. Tukaiweka mezani ikiwa bado mbichi. Alikuwa mzuri. Mabawa yamechanuka toka pembe hii hadi pembe ile, mdomo wazi kidogo, tumbo limetugeukia lote.

Tukainama watatu. Tukatafuta.

Tumbo lilikuwa laini kama sabuni iliyotumika. Hapakuwa na mguu. Ndege huyu akiruka huikunja miguu yake ndani kabisa ya manyoya, na ikishaingia humo hata mama yake haioni.

"Hana," wifi akanong'ona.

"Anayo!" nikanong'ona. "Ameificha!"

"Picha haionyeshi."

Mume wangu alijifuta mikono kwenye suruali. Kutoka studio tulisikia mama akikohoa. "Atashindwa," akasema. "Amebishana maisha yake yote, na mimi ndiye nitakayempa karatasi ya kumwambia ameshindwa na mtu aliyekwisha kufa." Akamgeukia dada yake. "Iweke."

"Niweke nini?"

"Miguu. Kwaruza kidogo kwa wembe, mistari miwili. Umewapa watu nyusi ambao hawakuzaliwa nazo."

"Kaka, mkono huu leo umeshafanya ya kutosha. Siigusi tena."

"Hata vidole viwili."

"Vya nani? Vya kuku? Mimi mguu wa huyu ndege sijawahi kuuona, nichore nini?"

"Mimi nimeuona," nikasema. "Nitakuelekeza. Ni kama kibanio cha..."

"Wewe nyamaza!" wakasema wote wawili.

"Picha iko wapi?" mama akaita. "Au na hii mnataka kwanza mwanga uniishie?"

Hapakuwa na la kufanya. Mume wangu akaibeba ile karatasi kwa ncha zake mbili, akampelekea. Tukawasha taa kubwa ya studio, ile ya kumulika nyuso, tukamshikisha lenzi ya mkononi. Mama akaisogeza karatasi karibu na pua, akaanza kutembeza bomba lake juu yake. Alianza kwenye ncha ya bawa. Akaja polepole. Kifua. Tumbo. Akafika mkiani, akarudi tumboni, akakaa hapo.

"Mama," mume wangu akaanza, "ndege akiwa anaruka..."

"Tulia," mama akamwambia.

Akaangalia mpaka mkono wa lenzi ukachoka. Kisha akaishusha.

"Hana," akasema. "Kumbe hana."

Nilidhani atalia. Alikaa ameshika ile picha magotini, akawa anaitikia kwa kichwa, kidogo kidogo, kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali.

"Baba yenu aliniambia mambo mawili kule gengeni kabla hajanioa. La ndege mnalijua. La pili sijamwambia mtu. Alisema, 'Mimi na huyo ni sawasawa. Kazi yangu itanipitisha kila mahali, lakini sitatua ila kwako.' Nikamwambia, toka hapa, mwongo, huyo ndege ana miguu na wewe unayo. Akacheka. Kisha akaenda na nyaya zake, wiki na wiki. Na watu hawakosi la kuniletea. Ana nyumba kule. Ana mwanamke kule nguzo zinakoishia, ana na mtoto. Walikuja hadi jikoni kwangu kuniambia."

"Hukumuuliza?" wifi akasema.

"Ningemuuliza vipi? Angesema hapana, na mimi nisingejua. Nilimuuliza ya ndege." Alipapasa ukingo wa karatasi kwa kidole gumba. "Kila aliporudi, kabla hajavua viatu, namwambia ana miguu. Na kila mara, hata awe amechoka vipi, alinijibu hana. Hakukosa hata siku moja. Mimi mjinga nikadhani anapenda ubishi."

Mume wangu alitafuta mahali pa kukaa, na kwa kuwa kiti kilikuwa na mama, alikaa sakafuni chini ya zile ngazi za kuchorwa. Wifi alikuwa anavuta pua. Mimi nilikuwa na ukweli mdomoni, mzima, wenye kucha na manyoya yake, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile mama mkwe wangu alinigeukia mwenyewe akaniuliza.

"Na wewe, mwanangu, uliyekuwa unaapa? Njoo uangalie. Unaona mguu?"

Nikainama juu ya picha, chini ya ile taa kali. Niliangalia kwa haki, toka bawa hadi bawa.

"Sioni, mama," nikasema.

Bomba lake lilifunga kabla mbayuwayu hawajarudi. Alisikia mluzi wao msimu ule akiwa amekaa uani, uso ameuinua upande usio wenyewe. Aliishi miaka mingi bado, na ile picha ilikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona kwa kupapasa. Mgeni akija, hata awe mkaguzi wa mita ya maji, aliitoa, mara nyingine kichwa chini, akampa. Mgeni akamwona ndege, akasifu mabawa.

"Achana na mabawa," mama alisema. "Angalia tumbo. Unaona mguu wowote hapo?"

Na mgeni aliangalia, akageuza karatasi, akasema hapana, mama, hakuna. Mama akairudisha mfukoni, akatuagiza tumletee huyo mtu maji ya kunywa.